Pilipili ya Jioni

Mume akirudi kutoka kazini jioni akiwa ananukia, wake wengi hushukuru Mungu wakanyamaza. Mama Pua hakushukuru. Alimpokea mumewe mfuko wa mkate pale mlangoni, akavuta pumzi moja tu. Ilikuwa pilipili manga. Pilipili mbichi, kali, inayochoma puani kama imesagwa sasa hivi. Na jua lilikuwa linazama, na mtu huyu alikuwa ametoka nyumbani tangu alfajiri.

"Mbona umenikazia macho?" aliuliza mumewe, Dereva.

"Kwani nikikuangalia unapungua?"

"Sipungui." Akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, jambo ambalo hakuwa na tabia nalo. "Habari za hapa?"

"Za hapa ziko hapa hapa. Lete za huko ulikotoka."

Ndani, kwenye kochi lake karibu na dirisha, Bi Mkubwa alinyanyua kidevu. Huyu ni mama yake Dereva. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu siku nyingi, na watu aliwatambua kwa sauti na kwa harufu. "Kikaango kimerudi," alisema. "Jamani, nifungulieni dirisha nipumue."

Siku nyingine Mama Pua angecheka, au angemjibu mama mkwe kwa adabu yenye kamwiba ndani yake. Siku hiyo aliingia jikoni, akauweka mkate mezani, akasimama ameshika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Alikuwa na habari njema ya kumwambia mumewe, habari aliyoibeba tangu mchana kama mtu aliyebeba yai. Akaimeza.

Tuelewane kabla hatujaendelea, maana pilipili peke yake haimlizi mtu. Manukato aliyovaa Dereva yalitengenezwa na mkewe kwa mikono yake, katika kile chumba cha nyuma ambacho familia nyingine ingewekea magunia na baiskeli mbovu. Kazi yake ilikuwa kuchanganya manukato. Alikuwa na pua ya kutisha. Maziwa yakiungua nyumba ya tatu, yeye ndiye wa kwanza kupiga kelele. Mtaa ukamwita Mama Pua. Mwanzoni jina lilimkera, baadaye akaliandika kwenye kibao na kukipigilia mlangoni. Riziki aliitafuta kwa mawaridi na vanila, vitu vitamu visivyomkera mtu na visivyokumbukwa na mtu. Lakini haya mengine yalikuwa yake. Hakuyaiga popote. Aliyaita Ukali, na ndani yake alitia pilipili manga, tangawizi, karafuu, bizari nyembamba ya kumkimbiza paka, na chini ya yote mafuta ya msandali. Mtu akiyanusa alifanya moja kati ya mawili: ama alifumba macho akaomba tena, ama alirudi nyuma akauliza nani kaunguza. Wa katikati hakuwepo.

Sasa sikia. Ukali una mwendo wake kwenye ngozi. Pilipili hutangulia na kukimbia, haichukui hata muda wa kunywa chai. Karafuu hushika mpaka mchana. Jioni hubaki bizari na mti wa msandali, chini kabisa, mpaka usogeze pua. Mama Pua aliujua mwendo huo kuliko alivyoijua njia ya sokoni. Kwa hiyo pilipili kukutwa shingoni mwa mumewe jioni maana yake ilikuwa moja tu: mtu amejipuliza upya muda huu huu. Na anayejipuliza upya kwa nguvu namna ile ni mtu aliyeoga. Alioga nyumbani alfajiri. Anaoga tena wapi, na amechafukia wapi?

Jibu lilimjia pale pale kwenye sinki, na ni jibu ambalo lingemjia mwanamke yeyote.

* * *

Habari aliyoimeza ilikuwa hii. Mchana wa siku ile alikuwa amevaa gauni lake la heshima, akaenda kwenye duka kubwa la manukato, lile la milango ya vioo ambalo alikuwa akipita nje yake kwa miaka bila kuthubutu kuingia. Mwenye duka, mzee mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kwenye kamba, aliinusa chupa, akakohoa, akaiweka chini. Kisha akaichukua tena.

"Haya si ya kila mtu, mama."

"Najua."

"Nikiyaweka rafuni, wateja watano watanitukana."

"Na wa sita?"

Mzee akatabasamu kidogo. "Wa sita ndiye ninayemtafuta. Ila manukato ya namna hii hayauziki kwa kunusisha watu karatasi. Yanauzika mtu akimwona mwenzake ameyavaa, ametulia nayo, maisha yanaendelea. Kuna mtu anayeyavaa?"

"Mume wangu," Mama Pua alijibu, na kifua kikamjaa. "Kila siku, mpaka kazini. Anamwendesha mkurugenzi."

"Ndani ya gari? Vioo vimefungwa?"

"Vimefungwa."

"Na hajafukuzwa?"

"Kwani ni mwizi?"

Mzee alicheka mpaka miwani ikamdondoka kifuani. "Mlete Jumamosi. Nikimwona mtu huyo kwa macho yangu, nakupa rafu ya mbele, ile ya kuangalia mlango." Mama Pua alirudi nyumbani akitembea kama msichana. Miaka yote ya kuuza vanila kwa majirani, na sasa kitu chake mwenyewe, chenye jina alilokipa yeye, kingekaa mbele ya mlango wa vioo. Kilichohitajika ni mume wake tu. Na mume akaja, na pilipili shingoni.

* * *

Wakati mkewe ameshika sinki, Dereva alikuwa chumbani ameshika ukosi wa shati lake, anauvuta kwa vidole viwili usimguse shingo. Shingo ilikuwa imechubuka mpaka inang'aa.

Hakuwa na mwanamke. Alikuwa na bosi. Mkurugenzi alikuwa mama wa maneno machache anayesumbuliwa na kipandauso, na katika gari alitaka vitu viwili, baridi na ukimya. Siku ya kwanza Dereva alipokwenda na Ukali shingoni, bosi alishusha kioo. Siku ya pili alikaa safari nzima na kitambaa puani. Siku ya tatu alishuka getini, mbele ya mlinzi na mhasibu, akazunguka mpaka dirishani kwa Dereva.

"Wewe, hicho ni kitu gani?"

"Manukato, bosi."

"Manukato?" Bosi alimgeukia mhasibu kana kwamba anatafuta shahidi. "Huyu mtu ananukia chakula cha juzi, halafu ananiambia manukato! Kuna mtu amekuroga au umejipaka mwenyewe?"

Mlinzi alicheka. Mhasibu aligeuza uso, lakini mabega yalikuwa yanamtikisika. Dereva alikuwa ameshika usukani wa gari lililokwisha simama. "Nimejipaka mwenyewe, bosi."

"Basi kesho ukija nayo, usihangaike kuingia. Mwachie mlinzi funguo, urudi nyumbani."

Mtu mwingine angemaliza jambo hili kwa dakika moja. Angemwambia mkewe, "Mama, bosi hayataki," na kesho angekwenda mtupu. Dereva alishindwa, na kosa lilikuwa lake mwenyewe. Kwa miezi mingi, kila jioni, alikuwa amekaa kwenye kigoda kule chumba cha nyuma, shati wazi, na mkewe akimdondoshea tone hapa, tone pale. Mchanganyaji haweki kitu kwenye ngozi yake mwenyewe, asije akaichanganya pua. Kwa hiyo Ukali ulipikwa juu ya shingo ya Dereva, tone kwa tone. Na kila tone mkewe aliuliza, "Vipi?" Na kila mara, akiwa amechoka, akiwa anampenda, akiangalia lile jicho linalomngojea, Dereva alijibu, "Safi." Hakuulizwa mtu mwingine. Neno lake moja ndilo lililoyaumba manukato yale. Sasa aende akaseme nini?

Kwa hiyo alibuni hila yake. Asubuhi, kabla hakujapambazuka, alijipuliza mbele ya mkewe, akaaga. Nyuma ya ofisi palikuwa na sehemu ya kuoshea magari, na mwosha magari alikuwa rafiki yake. Sabuni ya kawaida ilishindwa kuitoa bizari. Kilichoiweza ni ile sabuni ya kusafishia rimu, ya harufu ya limau, pamoja na sponji gumu. Dereva aliinama kwenye bomba akajisugua kila siku ya kazi, huku mwosha magari akimuuliza kama amepata ugonjwa wa ngozi. Jioni, kabla ya kukunja kona ya nyumbani, alisimama kwenye ukuta, akatoa kichupa mfukoni, akajipuliza vya kutosha ili mkewe asione tofauti. Mwanzoni alijipulizia kule kule ofisini na pilipili ikaishia njiani; kwenye kona alianza siku ile ya mkate. Masikini wa Mungu, kwake yeye harufu ilikuwa harufu. Hakujua kwamba ina saa.

* * *

Siku zilizofuata nyumba ilikaa kama nyumba yenye mgonjwa. Mama Pua alichukua mashati ya mumewe kabla hayajalowekwa, akanusa kosi moja moja. Kwenye kila ukosi kulikuwa na limau. Limau kali, ya sabuni ambayo haikuwa yao. Basi, akajiambia, anaogea kwa mwanamke wa sabuni ya limau. Mwanamke mwenyewe atakuwa msafi. Atakuwa mwembamba pia, alihisi tu.

"Umebadilisha sabuni?" alimuuliza mezani.

"Sabuni gani?"

"Nauliza."

"Sabuni si hiyo hiyo unayonunua wewe?"

"Ndiyo nashangaa."

Dereva aliinamia sahani yake. Bi Mkubwa alitafuna taratibu, uso ameuelekeza katikati yao. "Leo chakula kina chumvi," alisema.

"Sijaweka chumvi leo, mama. Nimesahau."

"Basi iko hewani."

Mama Pua aliinuka akaleta kikopo cha chumvi, akakiweka mezani kwa kishindo. Kisha akasema, akimwangalia mumewe usoni, habari ile aliyoitunza kwa furaha, ila sasa aliitoa kama mtu anayetoa takataka. Duka la milango ya vioo. Rafu ya mbele. Jumamosi. "Mwenye duka anataka kumwona mtu anayevaa Ukali kazini kila siku, na bosi wake hana neno. Nimemwambia ni wewe. Si ni wewe?"

Tonge lilimkwama Dereva. Alikohoa, akanywa maji, akakohoa tena. "Ni mimi," alisema. Mama Pua aliona jasho kwenye mdomo wake wa juu na akalisoma alivyotaka yeye.

Ijumaa jioni pilipili ilikuja tena, na safari hii Mama Pua hakumpisha mumewe mlangoni.

"Unaoga wapi?"

"Nini?"

"Nimekuuliza kwa lugha unayoijua. Ukitoka hapa asubuhi umeoga. Hapo katikati unaoga wapi? Usinidanganye, pilipili inakaa dakika chache tu, na wewe umerudi nayo mbichi. Na kosi zako zinanuka limau. Nitajie jina lake tu, sitakwenda kumpiga."

Dereva alifungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale kwenye ncha ya ulimi, maneno machache tu. Kisha akamtazama mkewe. Nyuma yake mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi, na mezani zilionekana chupa mpya alizozipanga kwa ajili ya kesho, kila moja imebandikwa karatasi yenye neno Ukali, kwa mwandiko wake mzuri kabisa. Dereva akafanya ujinga ambao mimi mpaka leo sijui niucheke au niulilie. Mwanamume mzima, asiyewahi hata kumkonyeza mtu, akaona afadhali aitwe mzinzi.

"Ni kweli," alisema. "Kuna mtu."

Mama Pua hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye sakafu. Ndipo fimbo ya Bi Mkubwa ilipogonga sakafu ndani kama mtu anayevunja kuni.

"Mwongo! Mwongo mkubwa wewe, na aliyekuzaa nipo hapa nasikia! Mtu gani? Nani wa kukutaka wewe?"

"Mama, nyamaza," Dereva alisema.

"Ninyamaze nini? Nani anayekupaka mafuta shingoni kila alfajiri mkeo akiwa bafuni? Si mimi? Kwa mikono hii hii nimeishika ile ngozi, imevimba kama imebabuliwa na maji ya moto." Akageuza uso upande wa mlango. "Mkwe wangu, inuka hapo chini. Mwanangu hana mwanamke. Ana bomba. Bomba la kuoshea magari. Bosi wake amemwambia akitia mguu na hicho kikaango chako, kazi hana. Sasa kila siku anajisugua kwa sabuni ya magurudumu halafu anajipaka upya ili wewe ufurahi. Haya, nimesema. Nichukieni wote wawili."

Mtoto wa jirani alilia mahali, akabembelezwa, akanyamaza. Mama Pua aliinuka akishika fremu ya mlango. Alimsogelea mumewe, akavuta ukosi wa shati taratibu, akatazama. Alitazama muda mrefu. Kisha akaurudisha ukosi mahali pake na kufunga kifungo.

"Afadhali ungekuwa na mwanamke," alisema.

"Mke wangu, usiseme hivyo."

"Mwanamke ningemfukuza." Na hapo ndipo machozi yalipomtoka.

* * *

Jumamosi Mama Pua alimwambia mumewe abaki nyumbani. Dereva alikuwa amekwisha vaa shati lake jeupe, amelifunga mpaka juu. "Nakwenda," alisema. "Nimekuharibia vya kutosha. Nikisema maneno mawili matatu mbele ya huyo mzee, rafu unayo. Kazini nitakwenda bila kujipuliza, ngozi itapona, nani atajua?" Mama Pua alipaswa kukataa. Nasema wazi, hakukataa. Aliitaka ile rafu. Alizipanga chupa kwenye kikapu, wakaenda bila kusemezana, yeye mbele na mumewe nyuma.

Mwenye duka aliwapokea kwa mikono miwili. Akamzunguka Dereva kama mtu anayenunua kabati. "Kwa hiyo ndiye wewe. Na mkurugenzi wako anasemaje?"

"Anayasifia sana," Dereva alisema. Sauti ilikuwa imenyooka. Inaonekana alifanya mazoezi. "Siku ya kwanza tu aliniuliza, wewe, hicho ni kitu gani? Nikamwambia ni manukato. Hata mhasibu na mlinzi walikuwepo, walifurahi mno."

"Umeona!" Mzee alimgeukia Mama Pua. "Ukali wenyewe unataka mtu mtulivu kama huyu." Alinyoosha mkono kuelekea rafu ya mbele, ambayo tayari ilikuwa imefutwa vumbi na kuachwa tupu. "Hebu jipulize hapa mbele yangu, kaka. Nataka kuona unavyoyabeba."

Dereva alichukua chupa. Kukataa asingeweza, na kujipuliza mahali pengine hakukumbuka. Mkono wake ulikuwa umezoea. Alifungua kifungo, akaelekeza shingoni, akabonyeza. Ukali una spiriti ndani yake, na ngozi ile ilikuwa haina ngozi. Mama Pua aliona taya la mumewe likikaza, vidole vya miguu vikijikunja ndani ya viatu mpaka ngozi ya kiatu ikapanda. Macho yakamjaa maji. Na pamoja na hayo yote akatabasamu, akamtazama mkewe, akasema, "Safi."

"Basi!" Mama Pua alimpokonya chupa. "Basi, inatosha, tafadhali. Mzee wangu, huyu havai. Huyu anaosha. Bosi wake alimtukana mbele za watu, na tangu siku hiyo anajisugua kwa sabuni ya kusafishia magari ili asifukuzwe. Hiyo shingo yake, mwangalie. Nilikudanganya bila kujua, na leo nilikuja kukudanganya huku najua."

Mwenye duka alivua miwani. "Mama, rafu ulikuwa umeshaipata."

"Nimeona."

"Sasa mtu wa sita wangu yuko wapi? Haya manukato yanamfaa nani?"

Mama Pua alisimama na chupa mkononi. Swali lilikuwa la haki, na alitambua kwa aibu kwamba hajawahi kujiuliza. Alikuwa ameuliza kila jioni, "Vipi?" na maana yake ilikuwa, "Nipende." Uso ulimwaka moto. Kwa hasira zaidi kuliko kwa akili, alipandisha mkono wa gauni, akajipuliza kwenye kifundo cha mkono, kisha shingoni, upande huu na upande ule. Miaka yake yote katika kazi ile, ngozi yake ilikuwa haijaguswa na tone.

"Tusubiri," alisema.

Wakasubiri, watu watatu wamesimama katikati ya duka. Pilipili iliruka kama kawaida yake na mzee akapiga chafya. Halafu ikatulia. Tangawizi ikapita. Karafuu ilipokuja haikuja kwa kelele, ilikaa tu. Na bizari, ile iliyonuka jasho la siku tatu kwenye shingo ya Dereva, hapa ilikuwa na joto la mbegu zilizokaangwa kavu, na mti ukiwa chini yake, mtamu kidogo. Mama Pua aliinua kifundo cha mkono puani, akakishusha, akakiinua tena. Hakuna aliyehitaji kumwambia kitu.

Mzee alisogeza pua, akafikiri. "Mimi sitakudanganya, kichwa kinaniuma," alisema. "Rafu ya mbele hupati. Ila pale pembeni kuna kimeza. Weka chupa zako, na Jumamosi uje ukae nazo wewe mwenyewe, hivyo hivyo ulivyo. Watu wakikukimbia, utaondoka nazo."

* * *

Njiani kurudi walitembea sambamba. Kikapu alikibeba Dereva.

"Nikuulize kitu," Mama Pua alisema. "Na ukijibu lile neno lako, naapa naondoka. Wewe mwenyewe unayapenda?"

Dereva alitembea hatua kadhaa. "Siyapendi."

"Tangu lini?"

"Tangu tone la kwanza." Alihamishia kikapu kwenye kiwiko. "Yananifanya nijione nimelala jikoni. Ningekuambia, lakini ulikuwa unaniangalia kwa lile jicho, mama, mtu anashindwa. Kila siku nilisema nitamwambia kesho."

Iliuma. Tusidanganyane, iliuma kuliko mwanamke wa limau, na kwa muda alitembea bila kuona njia. Alifikiri zile jioni zote, kigoda, shati wazi, yeye anainama na mtu amekaa anavumilia. Kisha alimtazama mumewe kwa pembeni, ukosi ameuacha wazi upepo uipulize shingo, kikapu kimemning'inia kwenye kiwiko kama mwanamke anayekwenda sokoni. Akamsimamisha. Akamnyooshea kifundo cha mkono, katikati ya barabara, watu wakipita.

"Na hapa? Sema ukweli."

Dereva aliinama akanusa. Akanusa tena, na Mama Pua akaogopa kweli kweli.

"Yananitisha kidogo," alisema mwishowe. "Lakini usiyaoshe."

Walipofika, Dereva alipita kwanza bombani uani, akajimwagia maji shingoni polepole, bila sabuni, mpaka spiriti ikaacha kuchoma. Ndipo wakaingia ndani, mkewe nyuma yake. Bi Mkubwa, kwenye kochi lake, alinyanyua kidevu akavuta pumzi. Safari hii hakusema kikaango. Uso wake ulikaza, na mkono ukaipapasa fimbo.

"Mwanangu, ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na huyo uliyekuja naye ni nani?" Aliinuka nusu, sauti ikitetemeka kwa hasira. "Kumbe ulisema kweli? Umethubutu kumleta humu, ndani ya nyumba ya mkeo?"

"Ni mimi, mama," Mama Pua alisema.

Bi Mkubwa alibaki vile vile, kati ya kukaa na kusimama. Akanusa tena. "Sogea hapa. Lete mkono."

Mama Pua alipiga magoti mbele ya kochi akampa mkono. Mama mkwe aliushika kwa viganja vyote viwili, akaupeleka puani, na hakuuachia haraka.

"Kumbe yalikuwa yako," alisema. "Sasa mbona ulimvisha mwanangu?"